Silabi Iliyopotea Kati ya Ghuba na Komarock

Niaje, watoto wangu. Najua mtanicheka kwa hiyo niaje, mseme imezeeka pamoja na mimi, siku hizi kuna salamu nyingine ambayo wiki ijayo nayo itakuwa imezeeka. Chekeni tu. Tangu nistaafu na kuja kukaa hapa Komarock mmenibandika jina Shosh wa Waifai, yaani nyanya wa mtandao, na kila mtu ambaye simu yake imegoma anakuja kunibishia mlango kana kwamba setilaiti nimeifuga kwenye stoo. Nimezoea, na nikisema kweli, napenda.

Juzi mmoja wenu, simtaji jina lakini anavaa miwani ya jua hata akiwa ndani ya nyumba, alikuja mbio akielekea kwenye intavyuu ya kazi ya mitandao. Akaniuliza mlangoni kuhusu zile njia mbili ambazo kompyuta hutumia kupelekeana ujumbe, "Shosh, kati ya TCP na UDP, gani ndiyo poa?" Nikamwuliza, "Kati ya sufuria na kijiko, gani ndiyo poa?" Akanitazama kama mtu anayejiuliza kama leo nimemeza dawa zangu za presha. Akaenda zake bila jibu, maskini, na mimi nikabaki na roho inaniuma, kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Tatizo ni kwamba jibu langu ni refu na linapita sebuleni kwa ndugu yangu Kioko, hapahapa Komarock, siku ile wazee walipokuja kumwombea Wafula mke, na silabi moja tu ikataka kumharibia Mwende ndoa yake. Mwende ni binti ya Kioko, kwa hiyo mimi ni shangazi yake. Mwaka huo nilikuwa tayari nimestaafu, nikidhani mambo ya pakiti nimeyaacha kazini pamoja na viatu vya usalama.

Nitafika huko sebuleni. Mwenye haraka akaangalie video zake fupi.

Kwanza mjue nilivyofundishwa, maana nyinyi mnafundishwa na skrini na skrini haina hasira. Mimi nilifundishwa na Bwana Odera. Alikuwa mkubwa wetu katika kampuni moja ya kuvuta nyaya na kufunga mitambo ya mawasiliano kule Industrial Area, mtu mrefu, mwana wa mfanyakazi wa reli, na mkali sana kuhusu mlango wa stoo yake. Ukitaka koleo ulisimama nje, ukapiga hodi. Yeye akajibu, "Karibu." Mimi, msichana kutoka Machakos mwenye haraka ya kuonekana mchapakazi, nikakimbilia rafu. Akanifukuza nje. "Rudi mlangoni. Hujanijibu." Nikamwambia, "Lakini umenikaribisha, Bwana Odera." Akasema, "Nimekukaribisha, ndiyo. Sasa nitajuaje kwamba ulisikia karibu yangu?" Ikanibidi niseme hodi, aseme karibu, niseme asante naingia, ndipo nikaruhusiwa kugusa kitu. Moyoni nilisema, huyu mzee ana kichaa cha cheo.

Nilimsema hivyo kwa muda mrefu, mpaka siku alipotufundisha TCP. Alichora kompyuta mbili ubaoni, akachora mshale kwenda, mshale kurudi, mshale kwenda tena. Wa kwanza akauandika hodi, wa pili karibu, wa tatu asante naingia. Nikamwangalia, akanikonyeza. Ndivyo TCP inavyoanza, wapendwa, haitumi hata herufi moja ya kazi yako kabla pande mbili hazijahakikisha kwamba kila mmoja anamsikia mwenzake. Baada ya hapo kila kipande cha ujumbe, ambacho sisi mafundi huita pakiti, kinapewa nambari. Mpokeaji anasema nimepata hiki, nimepata kile, na kipande kikipotea njiani kinatumwa tena, na vile vilivyokitangulia kufika vinasubiri nje mpaka mwenzao aje ndipo waingie kwa foleni. Hakuna kurukana. Na mkimaliza mnaagana vizuri, hamtupiani mlango.

UDP sasa ni yule jamaa wa mkokoteni anayepita hapa na kipaza sauti chake, "Chuma mzee! Betri mzee! Friji mbovu!" Hapigi hodi kwa mtu. Hajui kama uko ndani, kama umelala, kama una friji. Ametupa maneno yake hewani na amesonga mbele. Kama ulikuwa unakoroga ugali ukasikia "ri mzee", ni shauri lako, hatarudi kukwambia alisema betri. Kwa hiyo, nikiwa kijana na mtu wa kanisa, niliamua moja kwa moja kwamba TCP imelelewa vizuri na UDP ni mtoto wa mtaani.

Bwana Odera alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanichukua twende Eastleigh.

Huko kulikuwa na mwenye duka la vitambaa, mtu mpole lakini akishuku kitu hapoi. Alikuwa amefungiwa kamera na watu wengine, na mtu aliyezifunga alimwahidi kwamba hatakosa hata picha moja. Na kweli hakukosa. Picha zote zilipita kwa TCP kwenye waya mmoja mwembamba uliokuwa umebebeshwa na mashine za malipo na simu za duka zima. Kipande kikipotea, vingine vinangoja. Vikingoja, vinarundikana. Basi tukiwa pale tunakunywa chai yake ya maziwa ya ngamia, mzee wa watu akaona kwenye skrini mtu amevaa shati jekundu anaingiza kitambaa kwenye mfuko. Akaruka! Chai ikamwagika! Akateremka ngazi akamkamata shati jekundu mlangoni, akamkaba. Lo, yule shati jekundu alikuwa mteja mwingine kabisa aliyeingia sasa hivi kutafuta pazia. Mwizi alikuwa ameshaondoka zamani, labda yuko First Avenue anakula sambusa. Skrini ilikuwa inaonyesha yaliyopita, kwa uaminifu mkubwa sana, bila kukosa hata moja.

Tulizihamisha kamera zake kwenye UDP. Picha ikawa na viraka viraka, mara uso wa mtu unakatika kidevu, lakini ilikuwa ya wakati huohuo. Yule bwana alilalamika kuhusu vile viraka mpaka tulipofika kwenye gari. Bwana Odera akaniambia, "Syombua, kuna kitu kikichelewa kimeoza. Picha ya mlango ni kama maandazi." Nikacheka, lakini nilishika.

Msije mkaruka upande wa pili sasa mkaipenda UDP kama dini mpya, maana nawajua. Kulikuwa na fundi mwenzetu, kijana mwenye kipaji na haraka, aliyeandika programu yake mwenyewe ya kupeleka michoro kwenye mashine ya kukata mbao kwenye karakana ya fanicha. Alitumia UDP kwa sababu eti TCP ni nzito, ina maringo. Na hakuweka chochote cha kuuliza kama mchoro umefika mzima. Mashine ikapokea ilichopokea, ikakata kwa utulivu kabisa rundo la meza za shule zenye matundu ya miguu mitatu. Wale mafundi wa mbao walizipanga uani zote zimeinama upande mmoja, wakamwita aje asali nazo. Jina lake tangu siku hiyo likawa Meza, na nasikia hata watoto wake wanaitwa watoto wa Meza.

Na jambo moja la kazi mlichukue hapa, kwa sababu nimeona mnahangaika nalo. Ukigonga mlango wa TCP uliofungwa, mara nyingi utajibiwa, hata kama ni kufukuzwa. Utajua. UDP ikifungiwa njia husikii lolote, na ikifika salama pia husikii lolote. Kimya ni kilekile. Kwa hiyo usikae upande mmoja wa waya ukasema inafanya kazi kwa sababu hakuna aliyelalamika. Nenda upande wa pili, au weka mtu pale, umwulize amepata nini. Nimeona vijana wenye vyeti ukuta mzima wakibishana na kimya siku nzima.

Haya. Sasa twende kwa Kioko.

Kioko ni mdogo wangu. Anaendesha lori la maji huko Ghuba, Uarabuni, kwenye kambi ya ujenzi iliyo katikati ya mchanga, na mwajiri wake hampi ruhusa ya kuja nyumbani mpaka mkataba uishe. Mwende alipotuambia kwamba kuna Wafula wa kwaya anataka kumwoa, mama yake alifurahi, mimi nilifurahi, lakini Kioko kwenye simu aliuliza, "Huko Ukambani wanaume wameisha?" Mwende alilia siku ile. Baadaye Kioko alianza kulainika kidogo kidogo, akawa anauliza Wafula anafanya kazi gani, anaimba sauti gani, mama yake ni mtu wa namna gani. Lakini hakuwahi kusema amekubali. Kila tukimwuliza alisema, "Nitasema siku ya wazee."

Na kwetu, mbuzi wa ntheo, wale ambao wakishaliwa binti anahesabika ameolewa, hawachinjwi kabla baba ya msichana hajatamka mbele ya wageni kwamba hana neno, yaani hana pingamizi. Mjomba hawezi kumsemea. Mama hawezi. Kwa hiyo mnaona mambo yalivyokuwa. Mbuzi walikuwa wamefungwa kwenye nguzo ya tangi la maji, wanakula maua ya jirani, na maisha ya Mwende yote yalikuwa yanangoja maneno mawili kutoka jangwani.

Siku ikafika. Wageni wakaja kutoka upande wa Wafula, wamevaa suti, wakiongozwa na baba yake, Mzee Simiyu, mstaafu wa baraza la jiji, mtu wa maneno machache na fimbo nzuri. Kwa sababu wao ni Wabukusu na sisi Wakamba, mazungumzo yote yalikuwa ya Kiswahili, kile chetu cha Nairobi. Upande wetu msemaji alikuwa Mzee Mutiso, mkubwa wa ukoo, ambaye anapenda kusikika. Mwende alikuwa amefungiwa chumbani na akina mama, maana bibi harusi hatoki mpaka aitwe. Tukaunganisha simu na televisheni, tukaazima spika ya kanisa, na Kioko akatokea ukutani, mkubwa kuliko alivyo, ameketi kwenye lori lake, koti la kung'aa na kofia ya kazi kichwani.

"Kioko, unatuona?" akauliza Mutiso.

Kimya.

"Uko salama huko?"

Kimya. Kioko anatuangalia tu, mdomo umesimama wazi.

"Umekula?"

Hakuna kitu. Mutiso akasafisha koo, akaona aingie kwenye shughuli. Akainua mkono kuelekea wageni, akasema kwa ile sauti yake ya mkutano, "Kioko, je, unawafahamu wageni hawa?"

Na sauti ya Kioko ikafumuka kwenye spika ya kanisa, mbio mbio kama mnadishaji, "Nawaona, niko salama, bado, lakini nitakula baadaye!"

Mzee Simiyu akawageukia watu wake. "Amesema atatula baadaye?" Sebule ilivunjika kwa kicheko. Hata Mutiso alicheka, ijapokuwa hapendi kuchekesha bila kukusudia. Lakini mimi nilikuwa nimesimama kando ya televisheni nikihesabu sekunde. Kicheko kile kilichukua muda, na kilipokwisha ndipo Kioko naye akaanza kucheka peke yake kule ukutani, kwa kitu ambacho sisi tulishasahau. Ilinitia huzuni kumwona hivyo.

Nilijua ugonjwa wake. Simu za video hupenda kupita kwa UDP, na njia hiyo ikifungwa zinakimbilia TCP kama wokovu. Nikaomba simu, nikaingia kwenye ruta. Mtu aliyefunga mtandao wa ile ploti alikuwa amezuia UDP yote, yote kabisa, bila kubagua, kwa sababu ya usalama. Msiniulize usalama wa nani. Kama ni mmoja wenu ananisoma, ajijue. Basi kila kipande cha sauti ya Kioko kilichopotea kilikuwa kinasubiriwa, na wenzake wanakaa nje kwenye foleni, halafu wote wanaingia kwa kishindo.

"Syombua," Mutiso akasema, "achana na hayo mambo, tuna wageni."

"Dakika moja, Mzee. Ni kwa ajili ya hao wageni."

Nikaifungua njia. Tukapiga upya. Kioko akaja, na safari hii alikuwa nasi kwelikweli. Mashavu yalikuwa na viraka, sauti ina matundu hapa na pale, lakini Mutiso akitania, Kioko anacheka papo hapo. Mke wa Kioko akapita sebuleni na birika la chai, akamwita kwa jina, akamwitikia. Nilijisikia mtu wa maana sana. Nilikaa hata nikakubali soda.

Mutiso akasimama rasmi sasa. Akawatambulisha wageni mmoja mmoja. Akaeleza walichokuja kuomba. Halafu akasema, "Kioko, binti ni wako. Wazee hawa wamemwomba mbele yetu. Kama uko na neno, sema sasa."

Kioko akavua kofia. Midomo ikatikisika, na spika ikasema:

"...na neno."

Mngekuwa watu wa pwani labda mngengoja kidogo mjiulize, ni nina au ni sina. Lakini sisi ni watu wa Eastlands. Hapa nani husema "nina"? Sisi tunasema niko na njaa, niko na swali, niko na shida. Kwa hiyo ile sebule nzima, masikio yote, upande wetu na wa kwao, yalijijazia pengo lenyewe bila kuombwa. Niko na neno. Na kwa sababu kila mtu alijua jinsi Kioko alivyokuwa amenuna mwanzoni, hakuna aliyeshangaa.

Tukanyamaza tumngoje aseme hilo neno lake. Naye, kule, alikuwa amenyamaza anangoja vigelegele.

Watoto wangu, kimya kile nitakufa nacho. Niliona uso wa ndugu yangu ukibadilika. Alikuwa ametoa kitu alichokikamia miezi mingi, na watu wanamkodolea macho kama mashahidi wa ajali. Akarudisha kofia kichwani, akaivuta chini. Na kule sebuleni tulipomwona anavuta kofia, tukajua amekasirika kweli. Chumbani nikasikia mama mmoja anasema, "Shh, shh, Mwende."

Mzee Simiyu akashika fimbo yake. Akasimama polepole, na watu wake wakaanza kufunga vifungo vya suti. "Wenzetu," akasema, bila ubaya, "tumesikia. Tunaomba ruhusa twende. Tutarudi siku nyingine." Mnajua siku nyingine ya wazee ni ipi. Haina tarehe.

"Ngojeni," nikasema. "Hilo neno limefika nusu. Amesema sina. Mtandao umekula mwanzo."

"Mtandao unakula neno moja na kuacha la pili?" akauliza Mutiso. "Mimi masikio yangu ni mazima."

Na kusema kweli, mimi sikuwa na hakika. Nilijua tu kwamba ile njia niliyoifungua mimi hupoteza vitu bila kuaga, na kwamba kwa Kiswahili chetu kukataa na kukubali kunakaa pale mbele kabisa, kwenye silabi moja nyembamba. Ikianguka hiyo, sentensi inageuka shati ndani nje. Nikasema aandike ujumbe, huo utapita kwa njia isiyopoteza. Mzee Simiyu akatikisa kichwa. "Mama, mtoto haombwi kwa meseji. Tunataka mdomo wa baba."

Mutiso akamgeukia Kioko. "Kioko! Hebu rudia!"

Hapo tukaharibu zaidi. Kioko ni mtu ambaye watoto wake wote wanajua hasemi kitu mara mbili. Akasema, na hiyo ilifika vizuri sana, kila herufi, "Nimeshasema. Mtaniuliza mara ngapi? Kama hamkupenda nilivyosema, semeni."

"Mnaona?" akasema mtu wa upande wetu.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mwende akatoka. Shangazi mmoja alimshika leso, Mwende akaiacha leso mkononi mwa shangazi akaja. Hakuwa ameitwa. Wazee wengine wakaguna, na mimi nikamwombea kimoyomoyo. Akasimama mbele ya televisheni, mdogo chini ya ule uso mkubwa wa baba yake.

"Baba."

"Mwende. Wamekutoa wewe uje unihoji?"

"Nimejitoa. Baba, huku neno lako limekatika. Hawajasikia mwanzo wake. Mimi pia sijasikia." Akafuta macho kwa mkono. "Nakuomba unipe moja moja. Ukitoa moja, nitalirudia na kukwambia imefika. Usitoe lingine kabla sijakwambia imefika."

Nilimfundisha lini huyo mtoto? Sikumfundisha. Mtu akilitaka jambo sana, anajua mwenyewe kwamba lazima aulize. Na hili ndilo nilitaka kumwambia yule mwenye miwani. UDP haina kosa, inakuletea mtu akiwa hai, anacheka unapocheka. Lakini haikuahidi kitu. Lile lisiloruhusiwa kupotea, nyinyi wenyewe wa pande mbili mnapaswa kulishikilia, kwa sababu waya haulijui ni lipi.

Kioko alimtazama. Tukadhani atakata simu. Kidole kilienda kabisa kwenye skrini, tukakiona kikubwa, cheusi. Halafu kikaondoka. Akavua kofia.

"Sina," akasema.

"Sina. Imefika."

"Neno."

"Neno. Imefika, Baba."

Ee bwana! Vigelegele vilipasua dari. Mutiso alijipiga paja akasema yeye alijua tangu mwanzo. Mke wa Kioko aliweka birika chini, sakafuni, akakaa kando yake akafunika uso. Wafula, ambaye muda wote alikuwa amekaa wima kama picha ya paspoti, alianza kulia waziwazi na hakuna aliyemcheka. Na mimi nililia. Nilikuwa na miaka yote ile ya kazi nyuma yangu na nilikuwa sijawahi kuona pakiti ikipokelewa hivyo.

Lakini Kioko alikuwa anapunga mkono kule ukutani. "Ngojeni! Ngojeni. Mwende, sijamaliza. Sasa niko na neno."

Vigelegele vikafa. Mzee Simiyu, aliyekuwa anakaa, akabaki nusu kaketi.

"Sema, Baba. Moja moja."

"Nilitaka."

"Nilitaka. Imefika."

"Kuwa."

"Kuwa. Imefika."

"Hapo."

Mwende akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Akajaribu tena. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka. Na Kioko, kwa kuwa aliambiwa asiendelee kabla ya kujibiwa, alitulia tuli anamwangalia, kisha akasogea karibu na simu mpaka tukaona macho tu.

"Hapo," akarudia. "Mwende? Umepata? Nimesema hapo."

Ndipo Mzee Simiyu akaweka fimbo yake kwenye kiti. Akavuka sebule akapita katikati yetu, akasimama kando ya yule msichana, akainama kwenye simu na kusema kwa sauti kubwa, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto:

"Hapo. Imefika, mkwe."